Maumivu ya Nyonga kwa Wajawazito wa Visiwa vya Lamu: Hoja ya Kuyatibu

Mjamzito akilalamika kwamba kinena kinamchoma kila apandapo ngazi, aghalabu huambiwa huo ni uzito wa mimba, utamwisha akishajifungua. Nusu ya jibu hilo ni kweli: wengi hupata nafuu wiki au miezi michache baada ya kujifungua. Nusu ya pili, kwamba kabla ya hapo hana budi kuvumilia, haina msingi wa kitaalamu na inawatesa wanawake bure.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu huduma za wajawazito unakadiria kuwa maumivu ya kiuno na nyonga huwapata takriban nusu yao, na kwamba 8% ya hao hulemewa vibaya. Mifupa ya nyonga huungana mbele kwenye kinena, na nyuma hushikana na sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Kwa muda mrefu lawama zote ziliangukia homoni ya rilaksini inayolegeza kano, lakini tafiti hazikuonyesha kwamba mwenye homoni nyingi ndiye mwenye maumivu makali. Linaloonekana wazi zaidi ni hili: maumivu huzidi mwili unapoegemea mguu mmoja, na miguu inapotanuliwa.

Maisha ya Lamu yamejaa mambo hayo mawili. Anayekuna nazi huketi juu ya mbuzi miguu ikiwa imeachana. Nyumba za mawe za mji wa kale zina ngazi zenye mwinuko mkali. Mama wa kisiwa cha Pate anayepelekwa Hospitali ya King Fahd mjini Lamu husafiri kwa boti, na kuingia botini ni kusimama kwa mguu mmoja huku wa pili ukivuka ubavu wa chombo kinachoyumba. Maji yakipwa, pengine hulazimika kushukia matopeni. Mwongozo huohuo unataka mjamzito aonane na wahudumu angalau mara 8. Ambaye kila safari inamtonesha ataanza kuzikwepa. Kwa hiyo siyaoni maumivu haya kuwa adha ndogo ya pembeni. Yanaweza kumfungia mama mlango wa huduma nyingine zote.

Tiba yake ipo. Mwongozo unapendekeza mazoezi ya mara kwa mara, na unataja pia fiziotherapia, mikanda ya kushikilia nyonga na tiba ya sindano za Kichina. Ushahidi haulingani: mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio 34, yaliona mazoezi yakisaidia zaidi kiuno kuliko nyonga peke yake. Hata hivyo, gharama ni ndogo mno kiasi kwamba sioni sababu ya kusubiri. Mama apande ngazi kwa kutanguliza mguu usiouma na ashuke kwa kutanguliza unaouma. Alale ubavu na mto kati ya magoti. Avae akiwa ameketi, na kazi ya mbuzi aifanye mwingine.

Pwani tunao mkaja, ambao mzazi hufungwa tumboni baada ya kujifungua. Ufundi wa kuufunga ungeweza kutumika mapema, ila kwa mjamzito kitambaa kishuke chini ya tumbo na kuzunguka nyonga, kisibane tumbo lenyewe. Wakunga wa jadi wakielekezwa hivyo watakuwa walimu wazuri. Kukanda mgongo na makalio kwa upole pia huliwaza. Kulikandamiza tumbo ili kumgeuza mtoto ni jambo jingine kabisa, na ni hatari.

Kuhusu dawa, parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo chaguo la kwanza. Ibuprofeni na diklofenaki zisinunuliwe dukani kiholela: mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuwa dawa za jamii hiyo, kuanzia wiki ya 20, zaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Na si kila maumivu ya nyonga ni ya viungo. Maumivu ya vipindi kabla ya wiki ya 37, damu, homa, kuungua wakati wa kukojoa, au ganzi sehemu za siri ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Ninachodai kwa kliniki za Faza, Lamu na Mpeketoni ni maswali mawili katika kila hudhurio: je, unaumwa nyonga au kinena, na ni kazi gani imekushinda kwa sababu hiyo? Wahudumu wa afya ya jamii, ambao hufika majumbani, wanaweza kuyauliza hayohayo na kuonyesha jinsi ya kupanda ngazi palepale kwenye ngazi za mama mwenyewe.