Vumbi la Witwatersrand

Georgius Agricola, tabibu wa Kijerumani, alikwisha kueleza katika kitabu chake cha uchimbaji madini kilichochapishwa mwaka 1556, kuwa katika milima ya Karpati walikuwako wanawake walioolewa na waume saba, wote wakauawa mmoja baada ya mmoja na vumbi la machimbo; kwa hiyo hapana awezaye kudai ya kwamba mauti yaliyowashukia wachimba dhahabu wa Witwatersrand, huko Transvaal, Afrika Kusini, yalikuwa jambo lisilotazamiwa.

Dhahabu iligunduliwa huko mwaka 1886, nayo haikuwa ya kuokota mtoni, bali ilijificha chembechembe ndani ya jabali lenye silika tele, ambalo halitoi kitu ila litobolewe, lilipuliwe kwa baruti na kusagwa unga. Zilipoletwa mashine za kutoboa ziendeshwazo kwa hewa iliyoshindiliwa, kazi ilipata wepesi, na vumbi likazidi pamoja nayo. Vita vya Waingereza na Makaburu vikaisimamisha migodi mwaka 1899, watu wakatawanyika. Na mwanzoni mwa 1902, maofisa wa serikali walipofanya hesabu, waliona kwamba katika watoboaji 1,377 waliokuwapo kabla ya vita, 225 wamekwisha kufa. Hao waliohesabiwa walikuwa Wazungu.

Vumbi linaloonekana kwa macho, lile la kumpigisha mtu chafya, mwili hulikamata na kulitoa kwa kamasi na kohozi. Bali lile jembamba lisilozidi mikroni 5, ambalo hata taa ya mchimbaji hailidhihirishi, hushuka hata vifuko vya mwisho vya mapafu, likakaa huko, kovu likaota juu ya kovu, hata mtu aliyekuwa akibeba chuma begani akashindwa kupanda kilima cha kwao.

Dawa yake ilikuwa maji, wala haikuchelewa kujulikana. George Leyner wa Denver, huko Marekani, alibuni mnamo 1897 kekee yenye tundu katikati, akapitisha kwanza hewa katika tundu hilo, na vumbi likawa la kutisha. Ndipo alipogeukia maji. Lakini mtoboaji wa Witwatersrand aliyelipwa kwa kazi iliyokamilika hakupenda kuchelewa, naye alilianza tundu kwa ukavu ili asirushiwe tope usoni. Nami simlaumu sana, maana ujira wake ulikuwa wa leo, na maradhi ni ya miaka kumi ijayo. Lililofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni amri ya kulipua baruti mwishoni mwa zamu, watu wakiwa wamekwisha kutoka, ili vumbi na moshi viondoke kabla hawajarudi.

Kisha Robert Kotzé, mhandisi mkuu wa migodi wa serikali, akabuni konimeta: chombo kinachovuta hewa kidogo kwa ghafula na kuipiga juu ya kioo kilichopakwa mafuta, pakabaki doa dogo la kijivu, ambalo mkaguzi huliweka chini ya hadubini akahesabu punje moja moja. Hapo vumbi likawa na hesabu yake katika daftari.

Sheria za fidia zilizoanza mwaka 1911 na 1912 ziliwatofautisha watu kwa rangi, Mwafrika akapewa kidogo mara moja na kurudishwa kwao; na mkutano wa mataifa juu ya ugonjwa huu wa vumbi, uitwao silikosisi, uliofanyika Johannesburg mwaka 1930, haukuibadili tofauti hiyo. Miongoni mwa walioandikishwa kwenda kuchimba huko katika miaka ya 1950 walikuwamo vijana wa Rungwe, huko Tanganyika, hata nchi hiyo ilipopata uhuru ikakomesha uandikishaji huo.

Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha mapatano ya kuwalipa wagonjwa wa silikosisi randi bilioni 5, pamoja na jamaa za waliofariki, mradi mchimbaji awe amefanya kazi katika migodi iliyotajwa tangu tarehe 12 Machi 1965. Waliorudi Rungwe kabla ya tarehe hiyo hawamo.