Laptopu nchini Rwanda: Chapa zimekuja na kuondoka, kazi ya fundi imebaki

Septemba 2013 Benki Kuu ya Rwanda ilitoa noti mpya ya faranga 500. Upande mmoja ilichorwa ng'ombe, fahari ya Wanyarwanda tangu enzi za wafalme. Upande wa pili walichorwa wanafunzi wakiwa na kompyuta ndogo mbele yao. Kompyuta hiyo ilikuwa XO, laptopu ya watoto ambayo wakati huo ilikuwa imeshaingia katika shule nyingi za msingi nchini.

Leo mzazi wa Busanza, katika sekta ya Kanombe wilayani Kicukiro, akitaka kumnunulia mwanawe laptopu, dukani hataonyeshwa XO. Ataonyeshwa HP, Dell, Lenovo, Acer, pengine na Positivo. Swali lake la kwanza huwa ni lile lile: chapa ipi inaaminika? Historia ya laptopu nchini Rwanda ina jibu lake, na jibu hilo lina faida kubwa kwa mwenye fedha kidogo kuliko tangazo lolote.

XO: mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya mtoto

Wazo la XO lilizaliwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha MIT, chini ya Profesa Nicholas Negroponte. Mwaka 2005 alitangaza mradi wa laptopu moja kwa kila mtoto, OLPC, na Novemba mwaka huo akaionyesha sampuli yake mjini Tunis pamoja na Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Lengo lilikuwa laptopu ya dola 100. Ilipoanza kutoka kiwandani kwa wingi mwaka 2007, bei ilikuwa imefika karibu dola 188.

Hata hivyo, ilikuwa mashine iliyofikiriwa kwa makini. Ilikuwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi. Kibodi yake ilifunikwa kwa mpira ili maji na vumbi visipenye. Kioo chake cha inchi 7.5, kazi ya mhandisi Mary Lou Jepsen, kilisomeka hata juani. Haikuwa na diski inayozunguka ambayo ingeharibika ikianguka, bali kumbukumbu ya GB 1 tu. Ilitumia umeme kidogo mno, na wabunifu waliweka hata skrubu za akiba ndani ya mwili wake, ili mtoto au mwalimu aweze kuifungua na kuitengeneza.

Januari 2007 ilitangazwa kwamba Rwanda imejiunga na mradi huo. Majaribio yalianzia Rwamagana, mashariki mwa nchi. Baadaye Shule ya Msingi ya Kagugu jijini Kigali ikawa maarufu kwa wageni waliotaka kuwaona watoto wakijifunza kwa XO. Kadiri miaka ilivyosonga, Rwanda iligawa zaidi ya laptopu 200,000 na kuwa nchi ya Afrika iliyokwenda mbali kuliko nyingine zote katika mradi huo.

Lakini mashine nzuri ilikutana na mazingira magumu. Mwaka 2008 kaya zilizounganishwa na umeme wa gridi zilikuwa karibu asilimia 6 tu. Shule nyingi hazikuwa na umeme wa kutosha kuchaji darasa zima. Walimu wengi hawakuwa wamefundishwa namna ya kuiingiza laptopu katika somo la hesabu au sayansi. Chaja ikifa au kioo kikipasuka, spea ilibidi iagizwe kutoka mbali, kwa kuwa hakukuwa na duka la kawaida mjini lililouza vipuri vya XO. Shule kadhaa zikaamua kuzifungia kabatini ili zisiharibike.

Haikuwa shida ya Rwanda peke yake. Nchini Peru, iliyonunua XO nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika katika shule 319 ulitolewa mwaka 2012. Ulionyesha kwamba laptopu hazikuinua matokeo ya hesabu wala ya lugha. Kifaa bila mwalimu aliyeandaliwa, bila umeme na bila fundi, hakifiki mbali.

Netibuku: zilivuma, zikazima

XO ilizaa jambo jingine ambalo waanzilishi wake hawakulikusudia. Kampuni kubwa ziligundua kwamba watu wengi wanataka kompyuta ndogo na ya bei nafuu. Oktoba 2007 ASUS ya Taiwan ikatoa Eee PC 701, yenye kioo cha inchi 7, kumbukumbu ya GB 4 na uzito usiofika kilo moja. Mwaka uliofuata Intel ikaleta prosesa ya Atom, na Acer, HP, Dell, Samsung na Lenovo zikaingia mbio hizo. Soko la laptopu hizo ndogo, zilizoitwa netibuku, likapanuka kwa kasi.

Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki zilikuwa neema. Zilibebeka kirahisi kwenye mkoba, chaji zake zilidumu, na bei ilikaribiana na uwezo wa wengi. Ila zilikuwa na mipaka. Vioo vilikuwa vidogo, kumbukumbu ya RAM mara nyingi ilikuwa GB 1, na ukifungua programu tatu kwa pamoja mashine ilikwama. Mwaka 2010 Apple ikatoa iPad, wanunuzi wakageukia tableti. Kufikia mapema mwaka 2013 ASUS na Acer zilikuwa zimeacha kutengeneza netibuku. Mrithi wake wa karibu ni Chromebook, iliyoingia sokoni mwaka 2011, ambayo kazi zake nyingi hutegemea intaneti.

Aliyenunua netibuku mwaka 2012 akiamini ameanza safari ndefu alijikuta, baada ya muda mfupi, na mashine ambayo kiwanda kimeshaiacha.

Positivo: laptopu iliyoundwa Kigali

Rwanda haikukata tamaa, ila ilibadili njia. Mwaka 2014 serikali iliingia mkataba na Positivo BGH, ubia wa kampuni ya Positivo ya Brazil na BGH ya Argentina, ili laptopu ziunganishwe hapa hapa Kigali. Mwaka 2015 laptopu za kwanza za kiwanda hicho zilizinduliwa. Serikali yenyewe iliahidi kuwa mteja mkubwa, kwa ajili ya shule na ofisi zake.

Pamoja na kiwanda ukaja mpango wa madarasa ya kisasa yenye kompyuta. Badala ya kila mtoto kupewa laptopu yake, shule iliwekewa chumba chenye laptopu nyingi, projekta na mtandao, na madarasa yakapokezana. Mtaala mpya unaojikita kwenye umahiri, ulioanza kutumika mwaka 2016, uliweka matumizi ya teknolojia kuwa sehemu ya masomo.

Majirani nao walipita njia inayofanana. Nchini Kenya, serikali ya muungano wa Jubilee iliingia madarakani mwaka 2013 ikiwa na ahadi ya laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilivunjika kwa mvutano wa kisheria. Mradi ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016, watoto walipata tableti, na mmoja wa watekelezaji ulikuwa ubia wa Chuo Kikuu cha JKUAT na Positivo BGH, ile ile ya Kigali.

Faida ya kuunganisha mashine nyumbani ni kwamba walioiunda wako karibu, na dhamana inaweza kudaiwa bila kutuma kifaa ng'ambo. Hilo ndilo lililokosekana wakati wa XO.

Majina makubwa nayo hubadilika

Mnunuzi anayeshikilia jina moja tu anapaswa kukumbuka yaliyoyapata majina yaliyotangulia. Compaq, iliyokuwa kila ofisi, ilimezwa na HP mwaka 2002. IBM, iliyoanzisha ThinkPad mwaka 1992, iliuza biashara yake ya kompyuta za mezani na laptopu kwa Lenovo ya China mwaka 2005. Sony iliuza VAIO mwaka 2014.

Mfano mkubwa zaidi ni Toshiba. Mwaka 2009 kampuni ya dhamana ya Marekani, SquareTrade, ilichunguza zaidi ya laptopu 30,000. Iligundua kwamba karibu theluthi moja huharibika ndani ya miaka mitatu, ama kwa hitilafu ama kwa ajali kama kuanguka na kumwagikiwa maji. ASUS na Toshiba ndizo zilizoharibika kidogo kuliko zote, chini ya asilimia 16 kwa hitilafu za mashine yenyewe, ilhali HP ilifika zaidi ya asilimia 25. Netibuku ziliharibika zaidi kuliko laptopu za bei ya juu.

Miaka tisa baadaye, mwaka 2018, Toshiba iliuza sehemu kubwa ya biashara yake ya laptopu kwa Sharp, na mwaka 2020 ikajitoa kabisa. Aliyeisifu Toshiba mwaka 2009 alikuwa na haki, ila sifa hiyo haimsaidii anayetafuta betri yake leo.

Tena, ndani ya jina moja mna mashine za hali tofauti. Kuuliza kama HP au Dell ni nzuri ni sawa na kuuliza kama Toyota ni nzuri bila kusema unataka Vitz au Land Cruiser. HP hutengeneza EliteBook kwa ajili ya makampuni, na kwa miaka mingi ilitengeneza Pavilion kwa ajili ya nyumbani. Dell kwa miaka mingi ilikuwa na Latitude upande mmoja na Inspiron upande mwingine. Lenovo ina ThinkPad na IdeaPad. Zile za ofisini hujengwa kwa bawaba imara zaidi, kwa kawaida hufunguka kirahisi, na vitabu vya kuzitengeneza hutolewa wazi na viwanda. Ndiyo maana EliteBook au ThinkPad iliyotumika Ulaya miaka minne huweza kumfaa mwanafunzi wa Kigali kuliko laptopu mpya ya bei ya chini kabisa.

Mnunuzi wa Busanza azingatie nini

Busanza imebadilika. Ni hapa zilipojengwa nyumba za ghorofa walikohamishiwa wakazi wa vitongoji vya Kangondo na Kibiraro. Familia zenye watoto wa shule, vijana wa vyuo na wafanyabiashara wadogo wanahitaji kompyuta, na bajeti hairuhusu kukosea. Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona Machi 2020, mahitaji hayo yalionekana waziwazi.

Kwanza, taja kazi kabla ya kutaja chapa. Wakala wa Irembo anayejaza maombi ya huduma za serikali anahitaji kibodi nzuri, betri ya kuvumilia umeme unapokatika na muunganisho wa printa. RAM ya GB 8 inamtosha. Anayesomea uhandisi au kuhariri video anahitaji GB 16 na prosesa yenye nguvu. Mtoto wa sekondari anahitaji mashine imara, si mashine ya kujionyesha.

Pili, hakikisha ina diski ya SSD. Diski za zamani zinazozunguka ni polepole na huumia mashine ikianguka. Kubadili diski ya zamani kuwa SSD huifufua laptopu kuukuu kuliko kitu kingine chochote.

Tatu, angalia umri wa prosesa. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inahitaji prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Usome namba baada ya i5 au i7: ikiwa 8250 ni kizazi cha 8, ikiwa 6300 ni cha 6. Kizazi cha 6 bado kinaweza kufanya kazi vizuri kwa Linux, lakini muuzaji akikuambia kinakubali Windows 11 bila shida, usikubali.

Nne, pima betri. Ukifungua dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport, Windows itahifadhi ripoti inayoonyesha betri ilitengenezwa kubeba kiasi gani na sasa inabeba kiasi gani. Ikiwa imebaki nusu, ongeza bei ya betri mpya kwenye hesabu yako.

Tano, kabla hujalipa, muulize fundi wa mjini: chaja, kibodi, kioo na betri vya modeli hii vinapatikana Kigali? Akisita, tafuta modeli nyingine. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, vumbi jekundu huingia kwenye feni, nayo mashine hupata joto. Laptopu isiyofunguka kirahisi haitasafishwa, na isiyosafishwa haidumu.

Sita, daima dai risiti na dhamana ya maandishi, hata kama ni ya miezi mitatu kwa mashine iliyotumika. Na mashine ikifika mwisho wake, usiitupe jalalani. Rwanda ina kituo cha kuchakata taka za elektroniki wilayani Bugesera, kinachoendeshwa na Enviroserve, na betri za lithiamu ni hatari zikichomwa.

XO ilikuwa mashine bora iliyokosa spea. Netibuku ilikuwa nafuu, ikaachwa na viwanda. Toshiba ilikuwa imara ikaondoka sokoni. Kwa hiyo chapa inayoaminika kwa mkazi wa Busanza ni ile inayotosha kazi yake, ambayo fundi wa Kigali anaijua, na ambayo betri yake atainunua mwakani bila kuagiza ng'ambo. Mzazi, uliza hayo matatu kwanza, ndipo uulize bei.