Kuku Mgeni wa Bulla

Zamani, mzee wa Kisomali katika nyika za Garissa hakuulizwa ana kuku wangapi. Aliulizwa ngamia, kisha ng'ombe, kisha mbuzi na kondoo, na hapo hesabu ikafungwa. Kuku hakulipa mahari wala diya, fidia ya damu. Aliyemfuga alionekana mtu aliyekwama mahali pamoja, na kukwama ndiko alikokuogopa mfugaji wa kuhamahama.

Dini haikuhusika. Kuku ni halali, na Waislamu wa visiwa vya Lamu wamemla tangu zamani. Mifupa yake imechimbuliwa katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate. Mwanajiografia Mmarekani Frederick Simoons, aliyetoa mwaka 1961 kitabu kuhusu nyama zinazosusiwa duniani, alikusanya taarifa za jamii nyingi za Afrika zisizogusa kuku wala mayai, Pembe ya Afrika ikiwemo. Kwa Garissa sababu iliyo karibu zaidi ni miguu: kuku hawezi kufuata malisho kutoka Wajir hadi Tana, habebi mzigo, hakamuliwi.

Kandokando ya mto mambo yalikuwa mengine. Wamunyoyaya na Wapokomo ni wakulima wa kingo za Tana, watu wa migomba na mahindi, na kwa mkulima kuku ni mali ya kawaida. Kuku wa namna hiyo hushinda shambani. Akidonolewa na wenzake hukimbia, hupotelea kichakani, hurudi jioni wakubwa wakiwa wameshiba. Ugomvi upo, lakini nafasi ya kuukimbia ipo pia.

Ua ndio ulioleta taabu. Mwaka 1966, vita vya shifta vikiwa vimepamba moto, serikali iliwaamuru wafugaji wa Kaskazini Mashariki wahamie vijiji vyenye ulinzi, na mifugo mingi ikapotea. Kisha ukaja ukame wa 1984, na mwingine wa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati ule ule ambapo wakimbizi kutoka Somalia walikuwa wakijaza kambi za Dadaab. Familia zilizobaki bila kundi zilijenga kwenye bulla, yaani vitongoji vya mji wa Garissa, mtaa juu ya mtaa, kila nyumba na ua wake wa miti ya miiba au mabati. Ndani ya ua hakuna nafasi ya ngamia. Kuku wanne wanaenea, na mayai yao huuzwa na mama mwenye nyumba bila kumwomba mtu ruhusa.

Homa ya Bonde la Ufa nayo ilimpa kuku heshima asiyoitafuta. Katika mlipuko wa 1997 na 1998, watafiti walikadiria kuwa watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa pekee. Homa hiyo iliporudi mwishoni mwa 2006, uchinjaji ulipigwa marufuku na soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya masoko makubwa ya ng'ombe Afrika Mashariki, likafungwa. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia wote hushikwa na homa hiyo. Kuku hashikwi.

Lakini kuku wa ua mdogo ni kuku mkali. Thorleif Schjelderup-Ebbe, Mnorwe aliyewatazama kuku tangu utotoni, alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba kila kundi lina ngazi: wa kwanza humdonoa wa pili, wa pili humdonoa wa tatu, hadi yule wa mwisho asiye na wa kumdonoa. Marekani walijaribu kulitatua tatizo la kudonoana kwa kifaa. Mwaka 1903 Andrew Jackson Mdogo wa Tennessee alipata hataza ya miwani ya kuku, ya kukinga macho yasidonolewe. Huenda kuku wa Bulla Iftin wangeicheka.

Waswahili walikuwa na kamba. Methali husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na maneno hayo yamehifadhi desturi halisi: kuku aliyenunuliwa hufungwa siku kadhaa karibu na banda, alizoee, asirudi alikotoka. Desturi hiyo inafaa penye uwanja mpana, wenyeji wakiwa na shughuli zao mbali. Katika ua wa hatua kumi kwa kumi, kumfunga aliyejeruhiwa ni kumkabidhi kwa watesi wake. Hawezi kukimbia, na damu kidogo tu kwenye upanga wa kichwa inatosha kuwaita wote.

Kwa hiyo ua ulidai wavu wa seng'enge. Aliyeumizwa hutengwa, kidonda huoshwa kwa maji ya chumvi na kupakwa ile dawa ya zambarau, ambayo pia huficha wekundu unaowavutia wenzake. Lakini hatengwi mbali. Akikaa wiki mbili au tatu bila kuonekana, kundi humsahau, na akirudi hupigwa kama mgeni. Anawekwa upande wa pili wa wavu, ale akionekana, hadi wenzake wachoke kumkodolea macho. Kisha hupandishwa kwenye fito usiku, kuku wakiwa hawaoni vizuri, ili asubuhi iwakute wote pamoja. Vyombo vya maji viwe viwili au zaidi, vikae mbalimbali: kwenye jua la Garissa, linalopita nyuzi 35 mara kwa mara, kuku mmoja mkorofi akilinda debe la pekee huweza kumuua mwenzake bila kumgusa.

Anayetoka sokoni ana sharti la ziada. Kideri, ambao wataalamu huuita Newcastle, unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, hivyo mgeni hukaa peke yake kwanza, mbali na wavu wenyewe. Aliyeumizwa nyumbani hana haja ya karantini hiyo, na kumchanganya na mgeni ni kosa linaloua wengi.

Mafuriko ya mwishoni mwa 2023, Tana ilipovunja kingo na maelfu ya watu wa Garissa wakahama, yanaonyesha jinsi ngazi hizo za kudonoana zinavyovurugika kirahisi: nyumba mbili zikihifadhi kuku wao pamoja, ngazi zote huanza upya. Hilo lina gharama. A. M. Guhl na W. C. Allee walionyesha Marekani mwaka 1944 kwamba kundi linalochanganywa kila mara hula kidogo na kutaga kidogo kuliko lililotulia.

Wakati mwingine, basi, anayetolewa ni mkorofi mwenyewe. Hufungiwa pembeni siku chache, naye akirudi hukuta nafasi yake imeshikwa na ni yeye anayelazimika kuipigania. Aliyepona anakuwa ameshazoea chombo cha maji, na mara nyingi hasogei.