Saratani iliyoitwa adimu

Mwaka 1853, John Adams, daktari mpasuaji wa London, aliieleza saratani ya tezi dume akaiita ugonjwa adimu sana. Leo ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume wengi zaidi duniani. Je, imezaliwa jana? Wala! Zamani wengi walikufa kabla ya uzee, na waliozeeka hawakuchunguzwa. Mwanzoni kwa kawaida haiumi, hivyo ilijificha tu.

Mwaka 1994 ndipo Marekani ikaidhinisha kipimo cha damu cha PSA kisaidie kuigundua. PSA ikipanda si lazima iwe saratani. Daktari ataendelea kuchunguza.

Sasa jiulize: baba yako ameshafika miaka 50? Mpigie leo, mwambie aongee na daktari kuhusu kupima. Asisubiri mpaka mkojo umsumbue.