Kinga Huanza Kabla ya Kuunga

Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi katika Bandari ya Kale, Mombasa. Alinifundisha kwamba chombo huanza kuliwa kwenye kiungo, pale jicho la nahodha lisipofika. Historia ya pwani yetu inamuunga mkono.

Wahenga walikwepa kutu kwa kutotumia chuma. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, chataja vyombo vya kushonwa vya Rhapta, bandari ya kale ya Afrika Mashariki, na mtepe wa Lamu na Pate uliendelea kushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi hadi karne ya 20. Jahazi lina misumari. Kwa hiyo fundi huuzungushia msumari pamba iliyolowa mafuta kabla ya kuugongomea, maji yasipenye tunduni. Sehemu ya juu ya chombo ilipakwa sifa, mafuta ya maini ya papa. Sehemu inayozama ilipakwa shahamu, yaani mafuta ya mnyama na chokaa, kuwazuia wadudu watobolao mbao. Kazi hiyo ilirudiwa kila msimu, maji yakitoka na chombo kikalala mchangani.

Chumvi ya bahari ilitishia ndege nazo. Mwaka 1937 zikaja ndege za maji za Imperial Airways, zikipitia Mombasa kutoka Southampton kwenda Durban. Miili yake ilikuwa ya aloi ya alumini. Alumini safi ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba unaoilinda. Lakini ile ya ndege hutiwa shaba ili iwe na nguvu, na shaba hiyo huipa chumvi nafasi ya kuitafuna. Kwa sababu hiyo watafiti Bengough na Stuart, Uingereza, walikuwa wamekwisha kubuni, mwaka 1923, njia ya kuunenepesha utando ule: kipande hutumbukizwa katika asidi ya kromiki, kisha hupitishiwa umeme. Walichokusudia ni kuzikinga ndege za maji.

Hata leo, wengi wa wanaojiundia ndege nyumbani husafisha kila kipande cha alumini, hukipaka rangi ya kinga pande zote, ndipo hupiga ribiti. Vipande vikishabanwa, brashi haifiki tena katikati.

Vijana wa Mji wa Kale wanaosomea ufundi wa ndege wasidhani elimu hii ya kukinga kabla ya kuunga ni ngeni kwao. Mafundi wa pwani hii waliijua kwa mikono yao, nao wastahili kutajwa darasani pamoja na watafiti wa Uingereza.