Jina la mtoto kwenye begi: hii hofu ilianza lini? (Sehemu ya 6)

Shule zinafunguliwa, na swali lililonifikia mara nyingi wiki hii siyo chanjo wala minyoo. Ni hili: jina la mtoto niliandike nje ya begi au ndani? Mmoja kaambiwa na mwalimu aandike kila kitu kwa herufi kubwa, sweta, chupa ya maji, hadi soksi. Mwingine kaona video inayosema ukiandika jina nje umempa mtekaji ufunguo. Wote wawili wanampenda mtoto wao, na wote wameshika makapeni mkononi hawajui waanzie wapi.

Nimelichimba kidogo hili swali, na naona halijibiki vizuri mpaka tujue hofu yenyewe ilitoka wapi. Maana lebo ya mtoto ni kitu cha zamani sana, na kwa muda mrefu ilikuwa kitu cha kumwokoa. Halafu kila lebo ina msomaji wake. Ukishajua nani anatakiwa kuisoma, na nani hatakiwi, nusu ya kazi imeisha.

Tuanzie London. Mwaka 1741 ilianza kupokea watoto nyumba iliyoitwa Foundling Hospital, iliyoanzishwa na nahodha mmoja, Thomas Coram, aliyechoka kuona vichanga wametupwa barabarani. Mama aliyeshindwa kulea alimpeleka mwanawe pale. Jina la mama halikuandikwa. Mtoto alibatizwa jina jipya kabisa, akavalishwa shingoni kipande cha madini ya risasi chenye namba, na kwenye fomu yake yenye namba hiyohiyo karani akabana kwa pini kipande cha kitambaa. Wakati mwingine kitambaa kilikatwa kwenye nguo ya mtoto mwenyewe, wakati mwingine ni utepe tu. Mama akijaliwa kurudi siku moja, alitambulishwa na kile kitambaa.

Jamani, fikirini hiyo lebo ilivyokuwa na akili. Kwa mtu mwingine yeyote ni kitambaa cha maua. Kwa mama mmoja duniani ni mtoto wake. Zaidi ya vitambaa 5,000 vimehifadhiwa London hadi leo. Na hapa roho inauma kidogo: kati ya 1741 na 1760 walipokelewa watoto 16,282, waliokuja kuchukuliwa ni 152 tu.

Sisi wa wodi ya wazazi tunaielewa hii hadithi haraka. Kichanga akitoka tu, kabla hata hajapewa jina, anafungwa plasta mkononi: mtoto wa fulani, jinsia, tarehe, saa, uzito. Mama anasomewa, anathibitisha. Plasta ile haina mapambo, ina wasomaji wawili tu, mama na nesi, na ikishamaliza kazi yake inatoka.

Lebo ya nguo za shule nayo ina historia yake, ila haina mengi. Shule za bweni zilipokuwa zinafua nguo za watoto wengi kwa pamoja, shati bila jina lilikuwa limepotea. Kule Coventry, Uingereza, ndugu wawili wa kiwanda cha Cash walikuwa wakifuma riboni za urembo, na biashara hiyo ilipodorora kiwanda chao kikaja kupata umaarufu kwa vitepe vilivyofumwa jina la mtoto, vya kushonea kwenye kola. Kwetu waliosoma bweni wanakumbuka tranka la bati lililopakwa jina na namba kwa rangi nyeupe, na ndoo vilevile. Msomaji alikuwa matroni, na mwenzako anayetaka "kuazima" ndoo yako.

Sasa njoo mwaka 1939, maana hapo ndipo lebo ya mtoto ilipojulikana dunia nzima. Ijumaa tarehe 1 Septemba, siku mbili kabla Uingereza haijatangaza vita na Ujerumani, serikali ilianza kuwahamisha watoto kutoka London na miji mingine mikubwa kwenda vijijini, kwa kuhofia mabomu. Ndani ya siku chache walihamishwa watu karibu milioni 1.5, wengi wao watoto wa shule waliosafiri na walimu, bila wazazi. Kila mtoto alibeba kifurushi chake, kinyago cha kuzuia gesi ya sumu kwenye boksi, na kifuani au shingoni alining'iniza lebo ya mzigo, ile ya karatasi ngumu yenye kamba. Imeandikwa jina lake na shule yake.

Mama anamfungia lebo mtoto wa miaka 5 na hajui atalala nyumba ya nani. Huko vijijini watoto walipangwa kwenye kumbi, wenyeji wakawa wanachagua: huyu anafaa, yule mdogo sana. Lebo ile ilikuwa nje, wazi, herufi kubwa, na mama alitaka kwa moyo wote mgeni aisome. Mgeni ndiye aliyekuwa tumaini. Mwandishi Michael Bond aliwaona watoto hao wakipita stesheni ya Reading na lebo zao shingoni, na mwaka 1958 alipotunga hadithi ya dubu mdogo Paddington, akamvalisha lebo. Watoto wengi wanaopenda katuni yake leo hawajui kwamba ile lebo ni kumbukumbu ya vita.

Kuna jambo lingine la mwezi huohuo ambalo sisi wa afya tunapaswa kulijua. Tarehe 29 Septemba 1939 waliandikishwa watu wote wa Uingereza, mpaka vichanga, kila mmoja akapewa kitambulisho chenye namba, kwa ajili ya vita na mgao wa chakula. Vita iliisha 1945. Vitambulisho vilifutwa 1952. Ila namba hazikufa, kwa sababu huduma ya afya ya taifa ilipoanza mwaka 1948 ilizichukua na kuzitumia kama namba za wagonjwa. Kwa bahati nzuri zilitumika kutibu. Lakini ona jinsi taarifa uliyotoa kwa kazi moja inavyoweza kuendelea kuishi kwenye kazi nyingine ambayo hukuulizwa.

Afrika Mashariki tuliijua mapema lebo isiyo na nia njema. Kenya ya mkoloni, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1910, kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kubeba kipande, na wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kilikuwa na jina, alama za vidole, na alikofanya kazi. Msomaji alikuwa polisi na tajiri wa shamba. Kwa hiyo bibi akisema hapendi mtoto kuning'inizwa kadi shingoni, msimcheke.

Turudi kwa watoto. Marekani, wakati wa hofu ya bomu la nyuklia, jiji la New York lilianza mwaka 1952 kuwagawia watoto wa shule vibati vya utambulisho kama vya wanajeshi. Hilo bado naweza kulielewa. Lakini mwaka huohuo, Lake County katika jimbo la Indiana, watoto wa shule walichorwa tatuu ya kundi lao la damu, ubavuni upande wa kushoto. Kwa nini ubavuni? Kwa sababu mkono unaweza kukatika kwenye mlipuko. Yaani mtu mzima alikaa akalifikiria hilo kuhusu mtoto wa darasa la pili. Na nawaambia kama nesi: tatuu ile isingetusaidia kitu. Hakuna mtu anayetundika chupa ya damu kwa kusoma ngozi ya mgonjwa. Damu inapimwa kundi na inalinganishwa upya kila mara, kwa sababu alama ya zamani inaweza kuwa imekosewa. Hofu ikizidi, watu wanaandika vitu ambavyo hata havitumiki.

Ndipo tunafika kwenye hofu yetu ya leo. Tarehe 25 Mei 1979, mtoto wa miaka 6 wa New York, Etan Patz, alitoka nyumbani kwenda kituo cha basi la shule peke yake kwa mara ya kwanza. Hakuonekana tena. Kuanzia 1984 picha za watoto waliopotea zilianza kuchapwa kwenye paketi za maziwa, kwanza Iowa, kisha majimbo mengi. Fikiria mtoto anakunywa chai ya asubuhi huku anatazamana na sura ya mwenzake aliyepotea. Kizazi kizima kililelewa na paketi ile mezani, na ndicho kilichofundishwa kwa nguvu kwamba mtu usiyemjua ni hatari. Ushauri wa "usiandike jina nje ya begi, mgeni atamwita kwa jina na mtoto atadhani anamjua" ulienea katika hali hiyo ya hofu. Umesafiri mpaka kwetu kwa simu.

Sisemi ni ushauri wa kipuuzi. Mtoto wa miaka 4 akiitwa kwa jina anageuka, na anaamini. Lakini pima uzito wake. Utafiti wa serikali ya Marekani uliohusu mwaka 1999 ulikadiria kwamba utekaji wa aina ile tunayoiogopa, mgeni anamchukua mtoto na kumficha au kumdhuru vibaya, ulikuwa takribani matukio 115 kwa mwaka katika nchi nzima. Na hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Wengi waliowafanyia hivyo ni watu waliokuwa wanawajua. Mjomba hahitaji kusoma begi. Jirani, dereva, mwalimu wa tuisheni, jina la mtoto wanalo tayari. Tukimaliza nguvu zote kuficha jina na tusimfundishe mtoto kwamba hata mtu anayemjua anaweza kukataliwa na kusemwa kwa mama, tumefunga dirisha na mlango uko wazi.

Na lebo zenyewe zimebadilika. Mwaka 2005 shule moja ya msingi katika mji wa Sutter, California, iliwavalisha wanafunzi kadi zenye kifaa cha redio cha kufuatilia mahudhurio. Wazazi walipinga, na mpango ukafa baada ya wiki chache. Mwaka 2017 Ujerumani ilipiga marufuku saa za watoto zinazomwezesha mzazi kusikiliza kwa siri kinachoendelea karibu na mtoto, kwa sababu ni chombo cha udukuzi, na aliyekuwa anasikilizwa ni pamoja na mwalimu darasani. Kenya mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Sisi nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo shule ikiweka picha ya mwanao mtandaoni, una haki ya kuuliza nani kawaruhusu.

Ila tuwe wakweli, kabla ya shule sisi wenyewe. Siku ya kwanza ya shule tunapiga picha: mtoto kavaa sare yenye nembo, kadi shingoni yenye jina na namba ya simu ya mama, nyuma yake linaonekana geti. Tunaituma kwenye status na magrupu matatu. Jina la begi linasomwa na anayepita karibu. Picha ile inasomwa na yeyote, saa yoyote, na imebeba shule, sura, jina na simu kwa pamoja. Ficheni kadi ndani ya sweta kabla ya kupiga.

Nikirudi kwenye makapeni yenu, mimi nafuata wale wa vitambaa vya 1741. Nje ya begi na chupa funga utepe au shona kiraka cha rangi anachokijua mtoto. Hata asiyejua kusoma atakitambua kati ya mabegi arobaini ya bluu. Jina kamili na simu viende ndani, chini ya mfuniko au kwenye kola, mwalimu ataviona. Kwa mtoto wa chekechea anayepanda basi la shule, kadi avae, maana akishushwa kituo kisicho chake tunataka mgeni mwema apige simu. Hapo tuko 1939. Iwe na jina moja na simu mbili, isiwe na mtaa mnaoishi.

Magonjwa ni suala jingine. Dawa anazotumia mtoto zisiandikwe nje ya kitu chochote, na hali ya VVU isiandikwe popote kwenye vifaa vya shule, hata kwa mafumbo. Lakini mtoto mwenye selimundu, kifafa, kisukari au mzio mkali, tafadhali sana, awe na kadi ndogo kwenye mfuko mmoja wa begi usiobadilika: ugonjwa, dawa, nini kifanyike, kliniki anakohudhuria, simu yako. Mwonyeshe mwalimu wa darasa mfuko huo kwa macho yake, na dereva wa basi pia. Wakimleta kwetu amelegea, swali letu la kwanza ni "ana tatizo gani?", na anayemleta mara nyingi hajui hata jina la baba yake.