Jimbo la Clare: nani alilipa bei?

Upande wa magharibi wa Irlandi, kati ya muto Shannon na bahari ya Atlantiki, iko inchi ya Clare, na muji wake mukubwa ni Ennis. Tangu mwaka 1801, Irlandi ilipounganishwa na Uingereza chini ya Palema moja ya London, kila moja ya majimbo yake 32 ilituma wadepite wawili. Clare nayo ilituma wawili mpaka 1885. Habari ya jimbo hili inafaa kukumbukwa, kwa sababu ya mambo yaliyotokea pale mwaka 1828 na 1829.

Kwanza tujue nani walichagua. Tangu 1793 Mukatoliki aliweza kupiga kura, kama alikuwa na shamba la kukodi kwa maisha lenye kumuletea faida ya shilingi 40 kwa mwaka. Watu hao walikuwa wakulima maskini. Kura haikuwa ya siri: kila mutu alitaja jina mbele ya wote, na bwana wa udongo alisikia. Aliyemukataa mutu wa bwana wake aliweza kufukuzwa shambani. Hivi wadepite wote wawili walitoka katika jamaa za wakubwa.

Tena kulikuwa kizuizi kingine. Mukatoliki alikuwa na ruhusa ya kuchagua, lakini hakuweza kukaa katika Palema. Kwani kila mudepite alipaswa kuapa na kutamka kwamba Misa ni ibada ya sanamu.

Mwaka 1828 mudepite mumoja wa Clare, Vesey-Fitzgerald, alifanywa waziri. Kwa desturi ya wakati ule ilimupasa achaguliwe tena. Hakuwa adui wa Wakatoliki. Hata alitaka wapewe haki zao. Lakini Daniel O'Connell, avoka Mukatoliki, alisimama kushindana naye, kusudi serikali ionyeshwe nguvu ya watu. Mapadri walitangulia mbele ya wakristu wao mpaka Ennis. Watu waliacha pombe siku zile, wasije wakafanya fujo. Kura ilipigwa siku tano, machoni pa mabwana wao. O'Connell alipata kura 2,057, mwenzake 982.

Wellington, mukubwa wa serikali, na waziri wake Peel waliogopa vita katika Irlandi. Tarehe 13 Aprili 1829 sheria ilifungua Palema kwa Wakatoliki. Lakini siku ileile sheria ya pili ilitoka: katika majimbo ya Irlandi, faida ya shilingi 40 haikutosha tena, ilitakiwa pauni 10, maana yake shilingi 200. Wenye kura, waliokuwa zaidi ya 200,000, walibaki 37,000 hivi. O'Connell aliipinga sheria hiyo kwa maneno, lakini hakuizuia. Alichaguliwa tena mwaka 1829, pasipo mushindani, akaingia Palema mwaka 1830.

Basi angalieni, ndugu: wale maskini waliothubutu kutaja jina lake mbele ya mabwana wao walimufungulia mulango, nao wakafungiwa inje. Waliopata faida mara moja ni Wakatoliki wenye mali na elimu: maavoka, wenye mashamba, watu wa kazi kubwa.

Kura ya siri ilikuja mwaka 1872. Mwaka 1885 jimbo likakatwa vipande viwili, Mashariki na Magharibi, kila kipande na mudepite mumoja. Katika kile cha Mashariki Éamon de Valera alichaguliwa mwaka 1917, akawa baadaye mukubwa wa Irlandi huru.

Wengine husema kwamba sheria ya 1829 ni kazi ya O'Connell peke yake. Ni kweli kwamba pasipo yeye isingalipatikana upesi. Lakini tusiposoma sheria ya pili pamoja na ya kwanza, tunasimulia nusu ya habari tu. Haki iliyopatikana kwa jasho la wadogo ni deni juu ya wale walioipokea. Katika Clare deni hilo lilikawia kulipwa, na wengi waliodai walikufa kabla ya kulipwa.